Bei ya Tairi Kuukuu

Mimi ni fundi wa pancha, mtaa wa Oli, Arua,
kibanda cha mabati matatu na pampu ya mguu.
Naandika haya nyuma ya kitabu cha risiti
kwa sababu jana redio iliuliza tena:
watoto wanaoiba, tuwafanye nini?
Watu wakapiga simu mpaka betri zangu zikaisha.

Wa Ediofe alisema: viboko, hadharani, siku ya soko.
Mwalimu mstaafu: samaki mkunje angali mbichi.
Mama mmoja, sauti kama ya mtu anayepepeta,
akasema kule mahabusu ya watoto wanakula maharagwe ya bure,
wangu hawajaiba na wanalala njaa,
sasa niwafundishe nini?
Huyo sina jibu lake. Hata leo.

Mimi sikupiga simu.

Ilikuwa msimu wa kumbikumbi, mwaka juzi.
Candia, miaka kumi na minne, miguu ya mtoto wa tisa,
alikamatwa na betri ya sola ya Driciru ndani ya shati,
imemvimbisha tumbo kama mja mzito.
Sijui watu walitoka wapi. Asubuhi ile
sikuwa nimepata mteja hata mmoja.
Na hawakuwa wageni:
muuza chapati, unga bado viganjani,
kijana wa boda niliyemkopesha spoku,
mzee Onzima wa kwaya ya Jumapili.
Samaki mkunje, wakasema,
lakini niliona chupa ya mafuta ya taa
ikipita mkono kwa mkono,
nikajua samaki huyu si wa kukunjwa.
Ni wa kukaanga.

Ndipo mmoja akanigeukia:
Fundi, una tairi kuukuu?

Natamani niandike kwamba nilikataa.
Kwamba ulimi ulikauka, mkono ukatetemeka.
Nilisema: elfu mbili.

Kama nisemavyo kila siku.
Hata nikainama nikamchagulia,
kama mteja mwingine yeyote.

Driciru akaja na kitenge kimelowa,
povu la sabuni kwenye viwiko.
Akapasua watu. Akamzaba Candia makofi mawili,
makofi ya kweli, sitaki kumpamba,
kisha akakaa juu ya tairi, akanyoosha miguu.
"Betri ni yangu. Basi na mwizi ni wangu.
Anayetaka kumchoma aje na risiti."

Mtu akacheka. Wakacheka wengine.
Hicho ndicho kilichomwokoa,
wala si huruma.
Chupa ikarudi dukani. Mwenye duka akaipima
kuona kama imepungua.

Hakimu alimpa miezi mitatu kwenye nyumba ya watoto
na mtaa mzima ukanuna.
Sheria imelainika, alisema Onzima,
kana kwamba sheria ni ndizi.
Driciru hakusema kitu. Siku za kutembelea
alipanda gari na kifurushi cha mihogo,
na tukamsema kwa hilo pia.

Jana, redio ikiwa katikati ya ubishi,
alikuja kijana mrefu akikokota baiskeli ya Driciru,
gurudumu la nyuma limelala.
Sauti imeshavunjika. Alisalimu bila kunitazama,
akatafuta pa kukaa,
akakalia lile tairi.

Sijaliuza. Sijalitupa.
Sina la kueleza.

Niliziba. Nikatia mate juu ya kiraka,
nikasikiliza kama kinapumua.
Redioni mtu alikuwa anasema: wote ni wale wale.
Nikataka kuizima, mikono ina gundi.

"Fundi, bei gani?"

Mdomo ukafunguka wenyewe, njia unaijua.
Nikaufunga.
"Nenda tu," nikasema. "Nenda."

Hakwenda.
Alitoa noti ya elfu mbili mfukoni,
akaikunjua juu ya goti, polepole, mpaka pembeni,
akaishika kwa mikono miwili
niione yote.